Gauni la ubatizo la kushona kwa mkono: shajara ya kazi, Iringa, Januari mpaka Aprili 2025

Jumamosi, 11 Januari

Naanza kuandika leo kabla hata sijakata kitambaa, ili mwenye nia ya kushona kitu kama hiki apate pa kuanzia. Mi nilipotafuta kwa Kiswahili nilipata picha tu za magauni yaliyokwisha, hakuna alieeleza alikosea wapi.

Kaka yangu kapata mtoto mwanzoni mwa Desemba, anaitwa Tumaini, atabatizwa Jumatatu ya Pasaka tarehe 21 Aprili kwenye usharika wetu hapa Iringa mjini. Wifi alikuwa ashaanza kuulizia gauni la kukodi, nikamwambia wifi niachie hilo, nitashona mimi, na nitashona kwa mkono mwanzo mwisho. Cherehani ninayo, ndo inayonilisha, nashona sare za shule na vitenge hapa Kihesa, ila kwa hili gauni nimeamua cherehani ipumzike, na sababu ni bibi.

Krismasi nilienda Ilula kumsalimia, akafungua sanduku akatoa shumizi aliyovaa siku ya harusi yake 1968. Chini ina lesi ya pamba aliyoifuma mwenyewe kwa kroshia akiwa msichana, upana wa vidole vitatu, ina vimajani na matanzi madogo madogo ukingoni. Shumizi yenyewe imeoza, ukiivuta kidogo inachanika kama karatasi, lakini lesi ni nzima kasoro sehemu mbili. Akasema hii lesi imekaa bure miaka yote, mjukuu wangu itafutie kazi. Nikataka kuchukua mkasi niikate, akanizuia mkono. Akaifumua mwenyewe kwa ncha ya sindano, tundu moja moja, saa nzima na nusu, na ule uzi alioufumua akauzungushia kwenye kipande cha kadibodi akanipa nao.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini iwe mkono. Mshono wa cherehani nyuzi mbili zinajifunga ndani ya kitambaa kila tundu, kuufumua kwenye kitambaa chepesi ni rahisi uache makovu. Mshono wa mkono ni uzi mmoja, unaukata mahali pamoja unauvuta unatoka. Gauni la kurithi litafumuliwa tu, leo la mtoto mwembamba kesho la mtoto mnene, kwa hiyo lazima lishonwe na mtu anaemfikiria atakaelifumua.

Mpango: gauni jeupe refu, kifua kifupi chenye vikunjo vyembamba, sketi ndefu ya sentimita 80, lesi ya bibi chini, na shumizi ya ndani. Bila rangi ya pinki wala ya bluu popote, ili avae wa kike na wa kiume.

Jumamosi, 18 Januari

Kosa la kwanza, na limenigharimu 13,500.

Nilienda duka moja mjini nikaomba pamba nyeupe nyepesi, nikapewa kitambaa laini kizuri, muuzaji akaniapia ni pamba tupu. Mita 3 kwa 4,500. Nimefika nyumbani nikakumbuka kukipima kwa moto, kitu ambacho nilitakiwa kuomba nifanye pale pale dukani. Chomoa nyuzi tatu nne za kitambaa, zisokote, ziwashe juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, inabaki jivu laini la kijivu unalipuliza linapotea. Hiki changu kilijikunja kikayeyuka, kikatoa moshi mweusi, kikabaki kidonge kigumu cheusi. Poliesta.

Haifai kwa sababu mtoto atavaa shumizi na gauni juu yake, atabebwa kifuani pa mtu kanisani muda mrefu, atatoka jasho. Pia poliesta hainyonyi rangi ya chai, na chai nitaihitaji mbele huko. Sikukirudisha kwa sababu kilishakatwa, nitakitumia kukatia mfano wa majaribio.

Nimempigia binamu yangu alieko Dar akanitafutie Kariakoo, nimemwambia aende na kiberiti.

Jumamosi, 1 Februari

Kitambaa kimefika kwa basi, mita 5 kwa 9,000, na kifurushi 5,000. Ni pamba nyembamba sana iliyofumwa kwa karibu, ukiweka mkono chini yake unaona mistari ya kiganja lakini hakichezi chezi kama voili, kile kitambaa chepesi cha mapazia. Moto umekubali.

Nimekifua kwa maji ya moto na sabuni ya mche kabla ya chochote, nikakianika kivulini, nikakipima tena kwa futi: mita 4 na sentimita 80. Sentimita 20 zimeliwa na maji. Ningeshona kwanza ndo nikafua, gauni lingejikunja na uzi wa mishono ungebaki mrefu, mishono yote ingejaa mikunyanzi. Wengine tunaruka hatua hii kwenye nguo za wateja kwa haraka ya pesa, hapa usiruke.

Sasa lesi. Imekuwa ya manjano, na sehemu ilipokunjwa kuna mistari ya kahawia. Mama akashauri dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, dakika kumi tu. Nikakata sentimita 5 za ncha nikajaribu. Ilitoka nyeupe kabisa, nikafurahi, nikaisuuza nikaianika, ilipokauka nikaivuta kidogo kwa vidole viwili na matanzi manne yakakatika hapo hapo. Pamba ya miaka zaidi ya 50 haina nguvu ya kubishana na klorini. Hizo sentimita 5 nimezihifadhi kwenye bahasha ili kila atakaeshauri klorini nimwonyeshe.

Jumapili, 9 Februari

Njia iliyofanya kazi ni ya bibi, kaniambia kwa simu: maji, sabuni, jua na majani.

Niliishona lesi kwa mishono mikubwa juu ya kipande cha shuka la pamba ili isivutike ikilowa, nikailoweka maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche iliyokwanguliwa, usiku kucha. Asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikamwaga nikarudia, mara nne, bila kusugua wala kukamua, unabonyeza tu kwa kiganja kama unabonyeza sifongo. Baada ya hapo nikaitandaza ikiwa imelowa juu ya majani mafupi uani, jua likaipiga, ikitaka kukauka nairushia maji. Jua, maji na majani mabichi kwa pamoja vinang'arisha pamba taratibu bila kuila kama klorini, wazee walifanya hivi kabla hakujawa na dawa yoyote dukani.

Shida ni kwamba huu ni msimu wa mvua, jua la Iringa sasa hivi ni la kuiba, saa mbili mpaka saa sita hivi halafu mawingu. Siku ya tatu niliingia ndani kugeuza maharage nikarudi nikakuta kuku kapita juu, nyayo tano za tope, na moja katikati ya lile jani alilofuma bibi vizuri kuliko yote. Nilikaa chini nikashindwa hata kumfukuza. Tope la kwetu jekundu ukilisugua bichi linaingia ndani ya uzi, kwa hiyo nililiacha likauke kabisa, nikalipangusa kwa mswaki laini wa mtoto, kavu kavu, halafu ndo maji na sabuni. Limetoka lote. Tangu hapo nimeweka tenga la kuku lililogeuzwa juu ya lesi. Jua linapita, kuku hapiti.

Siku sita jumla. Mistari ya kahawia imefifia karibu yote, lesi imekuwa rangi ya maziwa yaliyochemka. Nyeupe kabisa haitakuwa, na mi siitaki zaidi ya hapo.

Jumamosi, 15 Februari

Kitambaa ni cheupe cha theluji, lesi ni ya maziwa. Ukiziweka pamoja lesi inaonekana chafu ingawa ni safi. Dawa ya hilo ni kukishusha kitambaa kwa chai.

Sio mimi nilieanza. Gauni la ubatizo la watoto wa ukoo wa kifalme Uingereza lilishonwa 1841 kwa ajili ya mtoto wa kwanza wa Malkia Victoria, likavaliwa na watoto zaidi ya 60 mpaka 2004 likawa limechoka, wakashona la kufanana nalo ambalo limeanza kuvaliwa 2008, na hilo jipya walilichovya kwenye chai ili rangi ifanane na la zamani. Nilivyosoma hivo nikasema chai si iko hapa Mufindi, kwa nini nisijaribu.

Nisiwafiche, chai ina ubaya wake. Ina asidi kidogo na kwa miaka mingi inadhoofisha pamba, watu wa makumbusho hawaipendi. Nimeamua kuitumia nyepesi sana na kusuuza mno, na lesi ya bibi sijaigusa nayo kabisa. Kitambaa kikija kuchoka kitabadilishwa, lesi haina mbadala.

Vipimo vyangu: vijiko viwili vya chakula vya majani kwenye lita 10 za maji yaliyochemka, dakika 10, chuja kwa kitambaa mara mbili, maana punje moja ya jani ikikaa juu ya kitambaa inaacha nukta. Nilijaribu vipande vinne, dakika 1, 3, 5 na 10. Vikiwa vimelowa vyote vinaonekana vimezidi, subiri vikauke upige pasi ndo uamue. Nikachagua dakika 3.

Kosa likaja kwenye chombo. Ndoo zangu za plastiki ndogo, nikaazima karai kubwa la chuma kwa jirani, zuri tu, lina kutu kidogo upande mmoja ambayo niliisugua nikaona imeisha. Nimetumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa tayari, nageuza geuza kwa mwiko, nakitoa, naona madoa ya kijivu kama wino, matano, makubwa kama sarafu. Chai na chuma vikikutana vinatengeneza weusi, ndo wino wa zamani ulivyokuwa unatengenezwa, nilikuwa sijui. Kwa sufuria ya alumini au plastiki haingetokea.

Nilikamulia ndimu, nikaweka chumvi, nikaacha nusu saa, nikasuuza. Madoa matatu yametoka. Mawili yamebaki kivuli, na mahali pa ndimu pakawa peupe kuliko pengine, kwa hiyo nikarudisha kitambaa chote kwenye chai mpya ndani ya beseni kubwa la plastiki nililonunuliwa na kaka, dakika moja, rangi ikakaribiana. Vile vivuli viwili viko karibu na ukingo, nimevizungushia uzi mwekundu ili nikate nikivikwepa.

Jumamosi, 22 Februari

Kukata. Kwenye kitambaa chepesi hivi chaki inateleza na rula inadanganya, hivyo nimefuata uzi: unakata kidogo ukingoni, unashika uzi mmoja wa mlalo unauvuta taratibu, kitambaa kinajikunja, uzi ukitoka unaacha njia nyembamba iliyonyooka kabisa, unakata juu ya hiyo njia. Sketi vipande viwili vya sentimita 88, upana wote wa 115. Shumizi vipande viwili vya 78. Uzi ukikatika katikati unautafuta kwa ncha ya sindano unaendelea. Nimetumia mchana mzima kwa kazi ambayo kwa mkasi ni dakika kumi, lakini sketi inaning'inia imenyooka kama pazia.

Jumamosi, 1 Machi

Kifua nimekiharibu nikakianza upya.

Nilikata kipande cha mbele kwa kipimo, halafu nikaanza kupiga vikunjo vyembamba, kumi, vitano kila upande. Kila kikunjo kinasimama milimita 2, lakini kinakula 4, kwa sababu kitambaa kinapanda na kushuka. Mara 10 ni sentimita 4. Nilipomaliza usiku wa tatu nikakilinganisha na kipande cha mgongo, kimepungua kiasi hicho hicho. Kwenye kifua cha mtoto sentimita 4 ni nyingi.

Fundi mwenzangu fanya hivi: chukua kipande cha mstatili kikubwa kuliko unachohitaji, piga vikunjo vyote kwanza, piga pasi, halafu weka mfano juu ndo ukate. Kipande cha pili nimekifanya hivo. Nilinunua mita 5 badala ya 4 kwa hofu tu, leo ile hofu imeniokoa. Kile kilichoharibika nimefumua vikunjo, kitambaa kimerudi bila hata alama, nikakitumia kwa mikono.

Sindano ya mkono namba 10. Kwa sindano za mkono namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, msichanganye.

Jumamosi, 8 Machi

Mishono ya pembeni. Nashona mara mbili: kwanza upande wa nje ukitazama nje, nakata kingo zibaki ndogo, nageuza, nashona tena kwa ndani, kingo zinajificha katikati. Hakuna uzi unaomgusa mtoto. Mishono 5 mpaka 6 kwa sentimita. Kwa usiku mmoja naenda sentimita 40 nikiwa na nguvu, umeme ukiwepo.

Uzi wa pamba unajifunga fundo, nikaununulia nta ya nyuki ya 2,000 sokoni. Unapitisha uzi juu ya nta unakuwa mtulivu. Ila nilipitisha mara tatu tatu, na nilipopiga pasi mshono wa kwanza nta ikayeyuka ikaingia kwenye kitambaa, mstari wa mafuta unaong'aa kutoka kwapa mpaka chini. Nilitaka kulia. Nikaweka karatasi nyeupe laini juu na chini, nikapitisha pasi ya moto wa kati, karatasi ikanyonya, nikabadilisha karatasi, mara saba nane, halafu maji ya moto na sabuni. Imeisha. Sasa napitisha nta mara moja, halafu uzi wenyewe naubana kati ya karatasi mbili napitisha pasi kabla sijatunga sindano, nta ya ziada inabaki kwenye karatasi.

Jumapili, 16 Machi

Kumjaribisha Tumaini. Haikupita kichwani.

Nilipima kichwa chake Januari akiwa na wiki tano, nikakata uwazi wa mgongo kwa kipimo hicho. Leo kichwa kina sentimita 41 na kidogo, na bado mwezi mzima. Wifi alikuwa mpole, akasema wifi usijali tutalikata, lakini niliona uso wake. Na mikono ilibana kwenye kwapa, akalia akawa mwekundu.

Naongezea hapa baada ya kurudi: Jumatatu nikapanda gari asubuhi nikaenda Ilula na gauni kwenye mfuko wa mto. Barabara yote ni matenga ya nyanya. Bibi hakulitazama gauni mbele, alilipindua nje ndani kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye kila mshono amefumba macho. Akasema umeshona vizuri sana, ila umekata kingo kama mtu asiyetaka gauni liguswe tena. Halafu akasema neno ambalo nimelibeba: "Atakaefumua usimtese." Akanionyesha kwenye blauzi yake ya zamani, pembeni kuna akiba ya vidole viwili imekunjwa ndani, imefumuliwa na kurudishwa mara tatu kadiri alivyonenepa na kupungua.

Tumekaa pale siku mbili tukarekebisha pamoja. Uwazi wa mgongo tumeurefusha kutoka sentimita 12 mpaka chini kiunoni kabisa, unafunguka wote, mtoto anavalishwa amelala bila kitu kupita kichwani. Shingoni tumetoa kola niliyokuwa nimeishika kwa bandi, ile mishono ya muda, tukaweka njia nyembamba ya kupitisha utepe, ukivuta shingo inapungua, ukiachia inapanuka. Kiunoni hivo hivo. Kwenye kwapa tumeongeza kipande cha mraba cha sentimita 4 kilichokaa kishazari, mkono unanyanyuka bila kuvuta kifua. Vipande vya sketi upande wa juu tumeacha akiba ya sentimita 3 ndani, haikukatwa.

Sasa linamtosha mtoto wa mwezi mmoja na wa miezi minane. Ningejua ningeanza na tepe toka mwanzo, lakini ningejuaje bila kwenda Ilula.

Jumapili, 30 Machi

Lesi imekaa. Mzunguko wa sketi chini ni mita 2 na sentimita 25, lesi ilikuwa mita 2 na 38, ile ziada nimeipeleka kwenye mishono miwili ya pembeni ikajikusanya kidogo, isivutike kila gauni linaposogezwa.

Sehemu mbili zilizokatika bibi alizifuma pale pale Ilula kwa ule uzi wa kwenye kadibodi, uzi wa 1968 ukatosha ukabaki kama urefu wa mkono. Kushona lesi kwenye sketi: ukingo wa kitambaa unauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka uwe mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ukitaka kushika lainisha kidole na maji kidogo, halafu sindano inapita juu ya huo ukingo na kuchukua tanzi la lesi, moja kwa moja. Sijatoboa uzi wa lesi hata mara moja, sindano inapita kwenye nafasi zilizopo tu. Ukitaka kuitoa unakata uzi wangu inaachia.

Usiku nne. Wa tatu nilisinzia nikashona sentimita 15 na lesi imepinduka nyuma mbele, nikafumua asubuhi kwa ncha ya sindano kama bibi, dakika 20, haikuacha alama. Hapo nikaona faida ya yote aliyosema.

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Vifungo. Vya plastiki vinapasuka kwa pasi na vya chuma vinapata kutu, na kutu nishaijua. Nilizunguka kwenye mitumba nikapata shati la kiume la zamani lenye vifungo vya gamba la chaza, 3,000. Ukigusisha mdomoni kifungo cha chaza ni cha baridi, cha plastiki hakina ubaridi huo. Nimetumia 5, vingine 4 nimevihifadhi. Matundu yake nilifanya mazoezi 12 kwenye kile kitambaa cha poliesta kabla sijagusa gauni, na bado la pili limekaa pembeni kidogo, nimeliacha.

Shumizi ya ndani haina pambo lolote, ila kwenye pindo nimedarizi kwa uzi mweupe: Tumaini 2025. Herufi za urefu wa sentimita moja, mshono wa mnyororo. Nilitaka kuandika na jina la bibi, akakataa, akasema hapo ni pa watoto. Nafasi ya majina mengine imebaki karibu mzunguko mzima.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Kabatizwa. Asubuhi ilikuwa na ukungu na baridi, tukamvalisha fulana ya sufu ndani ya shumizi na gauni likatosha kwa sababu tuliachia utepe. Mchungaji alipomimina maji kichwani mara tatu, yaliyoshuka yalilowesha kifua na vikunjo vilishika, havikulala. Bibi alikaa benchi la mbele na khanga yake mpya, gauni lilipopita karibu yake alinyoosha mkono akashika lesi chini kidogo tu, akaachia.

Nyumbani kulikuwa na wali, kuku, na wazee na ulanzi wao, pombe ya mianzi. Pete ya msimamizi mmoja ilinasa tanzi la lesi wakati anampokea mtoto na likakatika. Alisikitika sana, maskini, akaomba radhi kila baada ya dakika.

Jumapili, 27 Aprili

Kufua na kuhifadhi. Doa la maziwa shingoni limetoka kwa maji baridi na sabuni, usianze na maji ya moto, yanaligandisha. Bila wanga, kwa sababu wadudu wanakula wanga na pamba pamoja nayo. Utepe nimeutoa nikaufua peke yake. Nimesuuza mara tano, nikaanika kivulini nimelilaza juu ya shuka, halikuning'inizwa maana maji yanavuta mishono.

Nimeliviringisha na shuka la zamani la pamba lililofuliwa mara nyingi, halikukunjwa mkunjo mkali, likaingia kwenye mfuko wa pamba niliouzungushia kamba. Mfuko wa plastiki hapana, unyevu wa masika ya huku ukifungiwa unatoa ukungu. Kila mwaka baada ya mvua litatolewa lipate hewa na kuviringishwa upande mwingine. Ndani ya mfuko nimeweka pia nusu mita ya kitambaa kilichobaki, vifungo 4, kibandiko chenye sindano mbili namba 10, uzi wa pamba, na karatasi yenye vipimo na hizi kumbukumbu.

Gharama: kitambaa cha kwanza 13,500, cha pili na kifurushi 50,000, sindano 3,000, uzi wa pamba 10,000, nta 2,000, utepe 4,000, shati la vifungo 3,000, chai na ndimu 2,000, uzi wa kudarizi 2,000, nauli za Ilula 12,000. Jumla 101,500, beseni la kaka sijalihesabu. Muda, niliandika kila usiku kwenye daftari, ni kama masaa 120 bila kuhesabu siku za jua.

Lile tanzi lililokatika bibi alilifuma siku ile ile ya ubatizo, amekaa kwenye mkeka jikoni, kwa kroshia yake na ule uzi wa 1968. Uzi uliisha kabla hajafunga, akamalizia na wangu mpya. Ni tanzi la tatu kushoto kwa mshono wa pembeni, ukilitazama kwenye mwanga utaona nusu ni ya maziwa na nusu ni nyeupe.